Fannie pale Goodman Theatre, Chicago: shoo ya kuona kabisa

Kama hujui Fannie Lou Hamer ni nani, yule mama mweusi wa Mississippi, kusini mwa Marekani, aliyepigania haki ya weusi kupiga kura, anza na hili igizo. Linaitwa Fannie, kaandika Cheryl L. West, kaongoza Henry Godinez, na anayecheza ni E. Faye Butler peke yake, wengine stejini ni wapiga vyombo tu. Nililiona Goodman hapa Chicago 2021 na mpaka leo mtu akiniuliza shoo nzuri namtajia hiyo hiyo.

Aisee huyo Butler ana sauti! Anapiga stori, anachekesha, mara kashaingia kwenye wimbo wa kanisani na ukumbi mzima unaitikia, maana weusi wengi wa Chicago bibi na babu zao walihamia wakitokea huko huko Mississippi, hizo nyimbo wamekua nazo. Na Hamer mwenyewe ndo alivyokuwa, kitinda mimba kwenye watoto 20, kaanza kuchuma pamba ana miaka 6, halafu 1962 kaenda mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura na siku hiyo hiyo mwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18 akamtimua.

Kipande cha Hamer kwenye jela ya Winona, Mississippi, 1963, hapo machozi yalinitoka. Polisi wanawalazimisha wafungwa weusi wenzake wamchape, na Butler hana wa kuigiza naye, hakuna polisi wala mfungwa, ni mwili wake tu unapokea kipigo usichokiona. Figo na jicho vya Hamer havikupona tena. Mwaka uliofuata kakaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic kule Atlantic City kayasema yote, Rais Johnson wa Marekani akaita waandishi wa habari fasta ili TV zimwache yule mama, lakini wapi, usiku zikaurusha ushuhuda wake nchi nzima.

Ningekuwa mimi ningeongeza dakika kwa Freedom Farm, shamba lake la ushirika. Familia inapewa nguruwe jike, akizaa, baadhi ya watoto wake wanaenda kwa familia nyingine, yani kopa mbuzi lipa mbuzi ya kwetu kabisa! Kwangu huo ndo uwezeshaji wenyewe, maana mtu mwenye chakula chake humtishii kumfukuza shambani kisa kajiandikisha kura.

Hakuna mapumziko katikati, jipange. Watoto wa sekondari wapeleke, wadogo hapana kwa sababu ya Winona. Na likipangwa tena mji wa karibu na wewe kata tiketi za mbele uuone uso wa anayecheza.