Seti ya bei nafuu ya kufufulia injini ya Yamaha DT125: uzoefu wangu

Ninachokizungumzia ni ile seti kamili ya injini inayouzwa kwenye boksi moja kwa ajili ya Yamaha DT125 ya zamani, ile ya mipigo miwili inayopozwa kwa upepo: cc 123, kipenyo cha silinda mm 56, mwendo wa pistoni mm 50. Si vipuri vya kiwandani, ni vya kuiga. Ndani ya boksi kuna pistoni (nilichukua ovasaizi ya 0.50, yaani ya silinda iliyopanuliwa kwa nusu milimita), ringi mbili, pini na seklipu zake (vifungio vya kuizuia pini isitoke), beringi ya sindano ya juu, konrodi na beringi yake ya chini, beringi mbili za kranki, sili za oili, gaskiti zote na seti ndogo ya kabureta. Kwa asiyetaka kusoma hadi mwisho: pistoni na gaskiti zinafaa ukizipima kwanza, beringi za kranki na sili usizifunge, na jeti za kabureta ziache humohumo kwenye boksi.

Pistoni ndiyo iliyonipa moyo. Imemiminwa vizuri, haina vitundu vya hewa, na mshale wa kuelekea upande wa moshi umepigwa waziwazi kichwani. Niliipima kwa mikromita, mm 10 juu ya ukingo wa chini wa sketi (ubavu wa pistoni), upande unaokingamana na pini, ikasoma mm 56.44. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanapeleka bloku (mwili wa silinda) ikachongwe hadi mm 56.50 kamili kwa sababu boksi limeandikwa 0.50. Bloku huchongwa kufuata pistoni iliyopo mezani, si maandishi ya boksi. Pistoni za kuiga mara nyingi hutanuka zaidi zikishika moto, kwa hiyo niliipa nafasi ya mm 0.05 badala ya 0.04, na bloku ikachongwa hadi 56.49. Ukibana zaidi ya hapo, pistoni inaweza kukamata kwenye mlima mrefu wa kwanza. Ukilegeza hadi 0.10, itagonga silinda kila ukiwasha asubuhi na ringi zitaisha upesi. Mpe mchongaji pistoni yenyewe mkononi, mtajie nafasi unayotaka, na asiishie kwenye kisu cha mashine: apitishe mawe ya kuhoni (kusugulia ukuta wa silinda) hadi ionekane mistari iliyokatana.

Linganisha pia pistoni mpya na ya zamani zikiwa zimesimama bega kwa bega, pini moja ikipita katika zote mbili. Kimo kutoka pini hadi kichwani kilikuwa sawa. Madirisha ya upande wa kuvuta mchanganyiko yalikuwa mahali pake, ila kingo zake zilikuwa na mabaki ya uchongaji ambayo yangeikwaruza silinda. Msasa namba 400 ulitosha.

Jambo la matundu ya silinda linastahili kusemwa polepole, maana fundi aliyezoea injini za mipigo minne hana sababu ya kulijua. Baada ya kuchonga, kingo za tundu la moshi na za matundu ya kupitishia mchanganyiko hubaki kali kama wembe. Ringi inapopita juu ya tundu hujitokeza kidogo kuelekea nje. Ikikuta ukingo mkali inanasa, inavunjika, na vipande vinaibomoa pistoni mpya pamoja na bloku uliyoilipia. Zungushia kila tundu faili dogo la mviringo, kisha msasa, hadi ukingo upate mteremko wa karibu nusu milimita, hasa juu na chini ya tundu la moshi. Halafu osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, si petroli, kwa sababu petroli huacha unga wa mawe ya kuhoni ndani ya mistari. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka na weusi, rudia.

Ringi zilikuja na pengo dogo mno. Niliisukuma kila moja ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mapengo) ikasoma mm 0.15. Ikipata moto, pengo hilo hufunga na ringi husukumana ncha kwa ncha. Nilipiga faili upande mmoja tu, kutoka nje kwenda ndani, hadi 0.25. Wakati wa kufunga, hakikisha ncha za kila ringi zimekumbatia kijipini chake kwenye mfereji. Ukiteremsha bloku kwa nguvu huku ncha moja imepanda juu ya kijipini, ringi itavunjika. Mdomo wa seklipu nao uelekee juu au chini, na usiangukie kwenye upenyo wa kuitolea. Seklipu zilizokwisha kutumika zitupe.

Konrodi sikuifunga. Si kwamba ina kasoro. Ya zamani ilikuwa bado nzima. Ushike ule mkono wa chuma na uuvute wima, juu na chini: pasiwe na mchezo hata kidogo kwenye beringi ya chini. Mchezo wa pembeni ni wa kawaida, na fila geji ya kati ya mm 0.2 na 0.7 ikiingia hapo huna haja ya kuogopa. Kubadilisha konrodi kunataka kranki itenganishwe kwa presi, irudishwe, kisha inyooshwe hadi mzunguko wa ncha zake usipotoke zaidi ya mm 0.03. Kazi hiyo ikifanywa kwa nyundo na makadirio, utabaki na injini inayotetemeka hadi miguu ife ganzi. Kama bajeti ni ndogo na konrodi ni nzima, iache ilivyo, pesa hizo zipeleke kwenye beringi na sili.

Beringi za kranki zilizo kwenye seti hazina alama ya C3 baada ya namba. C3 maana yake ni beringi yenye nafasi kubwa kidogo ndani. Beringi ya kranki hubanwa na kreseti (nyumba ya kranki) kwa nje na kranki kwa ndani, halafu inapashwa moto. Ya kawaida humalizika nafasi yake, hunguruma, na hufa mapema. Soma namba iliyochongwa kwenye ukingo wa beringi ya zamani na ununue namba hiyohiyo yenye C3 kwa muuza beringi wa kawaida. Kuzifunga hakuhitaji kupigapiga: weka beringi kwenye friza kwa saa moja, pasha kreseti kwenye oveni hadi nyuzi 100 hivi (tone la maji likidondokea linachemka papo hapo), kisha idondoshe. Huingia kwa uzito wake wenyewe.

Sasa sili. Hapa ndipo seti inapotia hasara, na ndipo ufufuaji mwingi wa pikipiki hizi unapokwama. Kwenye injini ya mipigo miwili, kreseti ni pampu: pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko, ikishuka inausukuma juu. Sili mbili za kranki ndizo zinazoifunga pampu hiyo. Sili ya upande wa klachi ikivuja, kreseti hunyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe usioisha, plagi inalowa, na oili ya giaboksi inapungua huku hakuna tone chini. Ya upande wa magneto ikivuja ni hatari zaidi, kwani haiachi alama. Hewa ya ziada huingia, mchanganyiko unakuwa mwembamba, sailensi (mzunguko wa injini usipogusa mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na ukifunga mafuta injini inachelewa kushuka mizunguko. Mwisho wake ni pistoni kuyeyuka au kukamata. Sili za seti zilikuwa na mpira mkavu, na kispringi cha ndani kilikuwa kimelegea kiasi cha kuzunguka kwa kidole. Kwa akiba ndogo kiasi hicho sioni sababu ya kuhatarisha kazi yote. Nunua sili zenye jina, pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, paka mdomo grisi kabla ya kufunga, na elekeza upande wenye kispringi kwenye kreseti.

Gaskiti nimezitumia zote isipokuwa moja. Ya chini ya bloku ilikuwa na unene wa mm 0.5 wakati ya zamani ilikuwa 0.3. Tofauti hiyo inainua bloku nzima: matundu yanafunguka mapema, mgandamizo unapungua, na nguvu ya chini inapotea. Nilikata nyingine kwa karatasi ya gaskiti ya 0.3. Uhakika unaupata kwa waya laini wa risasi ya kulehemu: uingize kwenye tundu la plagi hadi uguse ukuta wa silinda juu ya pini, zungusha kranki kwa mkono ipite kileleni, utoe na upime ncha iliyobanwa. Mimi nilipata mm 1.1 na nikaridhika.

Seti ya kabureta ina mchanganyiko wa mazuri na mabaya. Oringi, gaskiti ya bakuli na sindano ya floti ni sawa. Jeti kubwa, ingawa ina namba ileile na ya zamani, tundu lake lilikuwa pana: kiwaya kilichokwama kwenye jeti ya zamani ya Mikuni kilipita humo bila kugusa. Loweka jeti za zamani kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pulizia kwa hewa, na uzirudishe. Usizichokonoe kwa waya wa chuma. Ukiwa hapo, tazama ridi, zile ndimi nyembamba zilizo kati ya kabureta na silinda: kila ulimi ulale juu ya kiti chake, na mwanga usipite zaidi ya uwazi wa mm 0.3. Mpira unaoshika kabureta ukunje kwa mkono. Nyufa zinazofika ndani maana yake ni mpira mpya.

Tanki lenye kutu halimo kwenye seti hii, lakini kabureta safi chini ya tanki chafu ni kazi bure. Tindikali ya ndimu, ile ya unga, gramu 70 kwa lita ya maji ya moto, iache humo usiku kucha, suuza kwa maji yenye magadi, kausha haraka, kisha zungusha oili kidogo ndani.

Kabla ya kuwasha, jaribu upepo. Hiki ndicho kipimo ninachokitetea kuliko vyote, na kifaa chake ni rahisi: pampu ya mkono na geji ya mashine ya zamani ya kupimia shinikizo la damu. Ziba tundu la moshi na mdomo wa kabureta kwa vizibo vya mpira, pitisha bomba kwenye kizibo kimoja, pistoni ikiwa chini ili matundu yawe wazi, jaza hadi 300 kwenye geji (ni sawa na bar 0.4) na ushikilie. Ikipungua kwa kiasi kisichofika 50 ndani ya dakika moja, injini imefungwa vizuri. Ikishuka zaidi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, nyuma ya magneto na kwenye plagi. Povu litakuonyesha. Mapovu yakitokea kwenye kijitundu cha kupumulia cha giaboksi, sili ya upande wa klachi ndiyo inayovuja. Usizidishe bar 0.4, utazisukuma sili nje.

Magneto ivutwe kwa pula yake, si kwa nyundo. Kama yako ni ya pointi (kiswichi kinachofunguka ili cheche itoke), pengo lake liwe kati ya mm 0.30 na 0.40, halafu ndipo upange taimingi (wakati wa cheche), maana ukigusa pengo taimingi nayo inahama.

Pampu ya Autolube, ile inayoipelekea injini oili ya 2T, toa hewa kwanza: fungua skrubu yake ya kutolea hewa hadi oili itoke bila mapovu. Hata hivyo, tanki la kwanza changanya oili ya 2T mililita 20 kwa kila lita ya petroli, juu ya ile inayoletwa na pampu. Moshi utazidi kidogo, lakini pampu ikiwa imekufa pistoni haitakuwa kavu. Weka alama kwenye chombo cha oili na uendelee kuchanganya hadi uione ikishuka.

Washa dakika 3 hadi 5, zima, iache ipoe kabisa, mara tatu. Baada ya ya mwisho, ikiwa baridi, kaza tena nati za kichwa kwa mpangilio wa msalaba. Kwa kilomita 300 za kwanza badilisha mwendo mara kwa mara, wala usiibebeshe mzigo kwenye gia kubwa ikiwa na mizunguko michache.

Kilomita 500 zilipotimia nilifungua bomba la moshi na kuimulika pistoni kupitia tundu lake. Sketi ilikuwa na rangi moja ya kijivu bila mistari ya wima, ringi zilirudi ndani zikisukumwa kwa kijiti, na oili ya giaboksi ilikuwa kwenye alama ileile. Mistari ya wima iliyo katikati ya sketi upande wa moshi ingeashiria nafasi ndogo au mchanganyiko mwembamba. Ikiwa kwenye pembe nne, bloku imebanwa kwa kukazwa visivyo au pistoni ilipashwa moto haraka mno kabla ya bloku kuifuata.