Wamemkata Maumbile, sasa Amani anamshukia nani?

Nilijiambia nisiandike chochote mpaka hasira zishuke. Hazijashuka, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo.

Siku si nyingi zilizopita niliagiza mtandaoni nakala sita za picha za rangi za maji, zile mchoraji Mwingereza William Blake alizochora kufuata shairi la mshairi Mwingereza John Milton la asubuhi ya kuzaliwa Kristo. Shairi hilo nimelisoma kila Krismasi kwa miaka mingi. Milton alilitunga mwaka 1629 akiwa na miaka 21 tu. Karibu miaka 180 baadaye Blake akalichorea, tena mara mbili, kila mara picha sita: seti ya 1809 iko kwenye jumba la sanaa la Whitworth, Manchester, na nyingine, ya kama 1815, aliyomchorea mteja wake Thomas Butts, iko kwenye jumba la Huntington huko California. Niliyoagiza ni hii ya pili.

Kifurushi kilipofika nilianza na picha ya kwanza, Kushuka kwa Amani. Nikaitazama, nikaigeuza kuona kama kuna kipande kimekunjiwa nyuma, nikaitazama tena. Zizi lipo. Familia Takatifu ipo. Amani, yaani amani yenyewe iliyochorwa kama mtu, yupo juu na mabawa yake. Chini ya zizi, hakuna kitu. Picha imeishia hapo. Maumbile, yaani ulimwengu wa asili aliouchora kama mwanamke aliyelala kwenye theluji, amekatwa mzima mzima.

Nikapiga simu dukani. Nilizungumza kwa adabu, naapa. Mhudumu akanisikiliza kidogo, kisha akanikatiza: "Dada yangu, kilichotoka ni pale chini tu. Mtoto Yesu si yupo?"

Si yupo! Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo.

Mtoto yupo, ndiyo, na utukufu ni wake. Lakini someni beti za mwanzo za wimbo ulio ndani ya shairi hilo. Mtoto amezaliwa wakati wa baridi kali, na Maumbile kwa kumcha Bwana wake amevua mapambo yake yote. Anaona aibu. Anaibembeleza hewa imfunike kwa theluji isiyo na hatia, Muumba wake asije akauona uchafu wake kwa karibu. Na Mungu, ili kumtuliza hofu, anamtuma Amani, mwenye macho ya upole na taji la mzeituni, ashuke taratibu akipasua mawingu kwa bawa la njiwa. Ili kumtuliza YEYE. Huyo aliyekatwa! Blake alilielewa jambo hilo, ndiyo maana karatasi moja ina wote: anayeshuka juu, Mtoto katikati, mwenye hofu chini. Ukimwondoa wa chini, Amani anashuka bure, kama mtu aliyetumwa na salamu akakuta nyumba haina mtu.

Na ile theluji, jamani. Anayejua rangi za maji anajua kwamba weupe wake mara nyingi si rangi, ni karatasi yenyewe iliyoachwa ing'ae. Mchoraji anapitisha maji yenye rangi hafifu pembeni, mwanga unapenya hadi kwenye karatasi na kurudi. Ukishapitisha rangi mahali pasipotakiwa, weupe ule haurudi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo kuacha sehemu wazi ni uamuzi mgumu kuliko kupaka. Na picha yenyewe ni ndogo, kama sentimita 16 kwa 12 na nusu. Hakuna "pale chini tu" kwenye karatasi ndogo hivyo. Kila kidole cha nafasi kimefikiriwa.

Mhudumu alisema wamekata ili ikae vizuri kwenye fremu. Mbona zile tano zimekaa kwenye fremu ya kipimo hicho hicho bila kupunguzwa? Nikawaza labda ni kwa sababu Maumbile amechorwa bila nguo. Siwezi kulithibitisha hilo. Na Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, katika picha ya nne naye hana nguo, naye wamemwacha salama. Basi sijui. Lakini kama ndiyo sababu, wamemfunika aliyekuwa tayari anaomba kufunikwa, nao wakamfunika kwa makasi.

Nilikuwa nimeshaandika "msinunue hapa kamwe". Nimefuta sentensi hiyo, maana nisingekuwa mkweli. Zile tano nyingine ni nzuri mno. Moloki, mungu wa kipagani aliyechorwa kama sanamu juu ya tanuri, moto wake umetoka mwekundu bila kupiga kelele. Joka la kale lililofungwa chini ya ardhi, hasira ya mkia wake inaonekana kabisa. Na ya mwisho, Usiku wa Amani! Bikira amemlaza mwanawe, nyota imesimamisha gari lake la mbinguni ikimmulikia Bwana aliyelala, malaika wameketi kwa utaratibu wakingoja kutumwa. Samawati yake ni nyepesi kiasi kwamba nilisogea hadi karibu niguse kioo. Nililia. Sikutarajia kulia mbele ya nakala ya mashine, ila ndivyo ilivyokuwa. Aliyechapa hizi anajua kazi, na inanitia uchungu zaidi kwamba mtu huyo huyo, au jirani yake wa meza, ndiye aliyeshika makasi.

Nimeomba wanitumie ile ya kwanza ikiwa kamili. Jibu: haziuzwi moja moja, nirudishe zote sita au nibaki nazo. Hakuna samahani. Hata neno "pole", ambalo halina gharama yoyote.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa nyota moja. Kwa Usiku wa Amani pekee ningewapa tano. Nikimkumbuka Maumbile narudi kwenye moja. Andikeni mbili, lakini kabla ya kulipa waulizeni: picha ya kwanza ina mtu chini ya zizi, au hana?

Muda wa kurudisha unaisha wiki hii. Sanduku liko wazi mezani, picha tano zimeshaingia. Ya sita bado iko ukutani.