Uzio wa Kuku Nairobi: Upi Ununue, na Pesa Uziweke Wapi

Nguchiro haruki uzio. Hupita chini. Huzunguka kona moja baada ya nyingine, na akikuta mahali waya umeinuka vidole viwili vitatu, anajipenyeza kama maji. Nilimwona mwenyewe saa nne asubuhi, jua limeshawaka, hapa kwangu Dagoretti: mkia mrefu wenye ncha nyeusi ukimalizikia chini ya wavu niliokuwa nimeufunga wiki tatu tu kabla. Nilipofika, vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamebaki wanne, na mama yao amejibanza kwenye kona, manyoya yamemsimama. Wavu wenyewe ulikuwa mzima, haujakatika hata tundu moja. Nilikuwa nimelipia kimo, sikulipia chini.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue uzio gani, namuuliza kwanza: unamzuia nani? Kumzuia kuku asitoke ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni wale wanaotaka kuingia, na Nairobi tunao wengi kuliko tunavyodhani. Mchana kuna nguchiro, mwewe na kunguru. Usiku kuna paka, mbwa wa mtaani, panya na kanu, yule mnyama wa madoa anayefanana na paka, ambaye hupanda mti na ukuta bila shida yoyote. Wanaoishi Karen na Lang'ata, karibu na Mbuga ya Taifa, wana wageni wakubwa zaidi ya hao. Kwao paa la waya na banda la kufungwa kwa kufuli usiku si anasa. Halafu kuna mwizi wa miguu miwili, ambaye kila mtaa unamjua.

Hapa chini nimezipanga aina tano za uzio kwa nafasi, kuanzia ninayoipendekeza zaidi. Kuhusu kimo, nitasema mara moja. Kuku wazito kama Kuroiler na Sasso huzuiwa na uzio wa mita 1.2 hadi 1.5. Kienyeji halisi, hasa matembe wepesi, wanataka mita 1.8, na hata hapo utamkuta mmoja juu ya ukuta wa jirani akikuangalia. Kuku hatazami urefu peke yake, anatazama mahali pa kutua. Ukipigilia ubao mzuri juu ya uzio umemjengea kituo. Acha ncha ya wavu ilegee bila ubao, na usiweke pipa wala rundo la kuni karibu. Akiendelea kuruka, mpunguze manyoya ya kurukia ya bawa moja tu, akose mizani. Usikate manyoya machanga ambayo bado yana damu kwenye shina. Yale uliyokata yataota tena akishanyonyoka.

Nafasi ya kwanza: weldimeshi chini, wavu wa kuku juu

Huu ndio uzio ninaoujenga sasa na ndio ninaompendekezea karibu kila mtu. Weldimeshi ni ule wavu wa waya zilizochomelewa kwenye makutano, tundu zake za mraba. Chukua yenye tundu la nusu inchi: panya mkubwa hapiti, paka hawezi kuingiza mkono akavuta kifaranga, mbwa hairarui kwa meno. Ni ghali, ndiyo maana huinunui ya uzio mzima. Nunua upana wa sentimita 90 tu. Ukunje kama herufi L: sentimita 60 zisimame zikizunguka uwanja, sentimita 30 zilale chini kuelekea nje, zifungwe kwa vigingi na kulaliwa na mawe au udongo. Nyasi zitaota juu yake na hutaiona tena.

Huo mguu uliolala nje ndio unaofanya kazi. Mnyama anayechimba huanzia pale uzio unapogusa ardhi. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja achimbie mbali. Akichimba anakuta waya, anasogea kidogo, anakuta waya tena, anachoka. Wengine huchimba mtaro na kuzika wavu wima. Inasaidia, lakini ni jasho jingi, na waya uliozikwa kwenye udongo wenye maji huliwa na kutu upesi.

Juu ya hapo, hadi mita 1.8, weka wavu wa kawaida wa kuku, ule wa tundu za pembe sita. Ukikosa weldimeshi ya nusu inchi, ulizia wavu wa kahawa, ule unaotandazwa kwenye meza za kuanikia kahawa. Una tundu ndogo na hufaa vizuri kwa sehemu ya chini.

Nafasi ya pili: chenilinki iliyovikwa wavu chini

Kama shida yako kubwa ni mbwa na wezi, chenilinki, ule wavu wa waya nene zilizosukwa, ndiyo yenye nguvu. Lakini tundu zake nyingi ni za inchi mbili na nusu. Kifaranga anatoka akitembea, na nguchiro mdogo anaingia hivyo hivyo. Kwa hiyo ni lazima uivike wavu wa tundu ndogo kwa ndani, angalau sentimita 60 za chini. Watu wengi mijini tayari wana chenilinki kama mpaka wa ploti. Hao wasinunue uzio mpya, wanunue huo wavu wa ndani tu. Kwa anayeanza na ardhi tupu, chenilinki pamoja na nguzo zake inakula pesa ambazo zingejenga banda zuri.

Nafasi ya tatu: wavu wa kuku peke yake

Jina linadanganya. Wavu wa kuku ulitengenezwa kumzuia kuku, na hapo unafanya kazi yake sawasawa. Mbwa mwenye njaa anaupasua. Nimeupa nafasi ya tatu kwa sababu moja: ukiwa na banda imara ambalo kuku wanafungiwa kila jioni, na mchana kuna mtu nyumbani, unatosha, na ndio wengi wetu tunaoweza kuulipia. Ila usinunue wa tundu la inchi mbili kama una vifaranga. Tundu liwe inchi moja kushuka chini.

Hapa ndipo wanunuzi wanapoumizwa, basi nikae kidogo. Waya hupimwa kwa geji, na namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: geji 20 ni nene kuliko geji 22. Muuzaji akikwambia "bosi wangu, hii ni ile ile tu, bei ndio imeshuka," mwombe roli mbili zenye urefu na upana sawa uzinyanyue kwa mikono. Iliyo nzito ndiyo yenye waya mnene. Kunja waya mmoja huku na huku kwa vidole mara kadhaa. Zinki ikibanduka kama maganda, achana nao. Uliza kama ulipakwa zinki kabla ya kusukwa au baada. Uliopakwa baada ya kusukwa hudumu zaidi, kwa kuwa zinki imeingia hadi kwenye misokoto, na kutu huanzia hapo kwenye misokoto. Wavu wangu wa kwanza, wa bei ya kutupa, ulishika kutu kwenye misokoto kabla mvua za vuli na masika hazijapita mara moja. Na pima urefu. Roli ikiandikwa mita 30, iwe na mita 30.

Nafasi ya nne: mabati na mabanzi

Mabati ya zamani na mabanzi ya mbao, yale mafundi wanayaita ofukati, ni uzio wa mwenye kuanza. Hayana tundu la paka kuingiza mkono, na kuku hawashtuki mbwa akipita, kwa kuwa hawamwoni. Ubaya wake ni joto la Januari na Februari na ukosefu wa hewa. Ukiyaweka nusu mita ya chini tu na wavu juu yake, umepata kitu kinachokaribia nafasi ya kwanza kwa bei ndogo sana. Ningekuwa sina pesa, ningefanya hivyo. Kingo zenye ncha zikunje kwa nyundo.

Nafasi ya tano: kayaba

Naipenda kayaba, ule mti wa miiba unaopandwa kuwa ua, kuliko uzio wowote, lakini mwongozo huu ni wa kununua, na kayaba inataka miaka. Panda miche kwa mistari miwili inayopishana, kama sentimita 30 baina ya mche na mche, uipogoe ifungane kuanzia chini. Ikishashikana, miiba yake haipitwi na mbwa wala mwizi. Kuku bado atapata upenyo kwenye mashina, kwa hiyo weka wavu mfupi kwa ndani. Ifikirie kama mpaka wa nje wa ploti. Mnyaa siushauri penye watoto, utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali.

Neti za kivuli na nyavu za samaki nimeziacha nje ya orodha. Kama paa la kumzuia mwewe, sawa. Kama ukuta, panya atazikata usiku mmoja.

Nguzo na udongo

Hapa ndipo Nairobi inagawanyika mara mbili. Sisi wa Dagoretti, Uthiru na Kawangware tuna udongo mwekundu: chimba sentimita 60, simamisha nguzo, shindilia kwa mawe, imekaa. Dada yangu yuko Ruai, kwenye udongo mweusi. Udongo ule hufura mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, na kila unapofanya hivyo unaisukuma nguzo. Uzio wake wa kwanza ulilala kama mlevi baada ya masika. Tena wakati wa kiangazi ardhi hupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono, na nyufa hizo hupita chini ya wavu. Walio Ruai, Embakasi na Syokimau wachimbe kupita tabaka jeusi hadi kwenye murram au mwamba kama viko karibu, wajaze kokoto kuzunguka nguzo, na ule mguu wa wavu uliolala nje wauongeze ufike sentimita 45.

Mti wa mwerezi hauliwi na mchwa upesi. Mkaratusi mbichi utaliwa, labda uwe umetiwa dawa kiwandani. Watu hupaka oili chafu ya gari kwenye mguu wa nguzo, nami naomba usifanye hivyo ndani ya uwanja wa kuku: wanadonoa udongo huo siku nzima. Nguzo zikae mita mbili mbili, na za kona ziegemezwe kwa mihimili, maana kona ndizo zinazobeba mvuto wa wavu wote.

Pima uwanja ufuate roli

Wengi huchora uwanja kwanza halafu wananunua, wanabaki na vipande visivyotosha kitu. Fanya kinyume. Roli ya upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 30 inatosha uwanja wa mita 3.5 kwa 5.5, kuta na paa. Mzunguko ni mita 18. Paa ni vipande viwili vya mita 5.5, yaani mita 11, vikilaliana sentimita kumi katikati. Jumla mita 29, na mita moja ya kubaki kwa makosa ya fundi. Kuku kumi na wawili hadi kumi na watano watakaa humo vizuri, bila kulihesabu banda la kulala. Weldimeshi ya chini nunua mita 18, na uongeze moja kwa ajili ya kona.

Ongeza waya wa kufungia na misumari ya U, na ukae na fundi anapofunga: kila sentimita 15 pale weldimeshi inapokutana na wavu, si kila nusu mita. Akimaliza, pita na sumaku au kwa macho tu uokote vipande vyote vya waya vilivyokatwa. Kuku humeza kinachong'aa, na kipande cha waya kikifika kwenye firigisi kinaweza kumtoboa. Zinki nayo ni sumu kwake.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Kaunti ina sheria ya mwaka 2015 ya kilimo cha mjini, inayoutambua ufugaji na kuuwekea masharti, basi pitia ofisi ya kilimo ya wadi yako uulize. Jirani naye mwone mapema, kabla jogoo hajamwona. Uzio pia ni afya: kuku wako wasipochangamana na wa mtaa mzima umepunguza njia moja ya ugonjwa wa Newcastle kuingia, ingawa chanjo iko pale pale. Siafu hakuna waya unaowazuia. Msimu wa mvua zungusha majivu kwenye banda na ukague kila jioni.

Mlango usiuache uwe wazo la mwisho. Ujengwe ufunguke kwa ndani, ili kuku wanaokimbilia chakula wasiusukume ukafunguka, na chini yake uweke kizingiti cha mbao au jiwe kilichozikwa nusu. Nguchiro wangu hakupita chini ya mlango, lakini wa jirani yangu alipita hapo hapo.

Siku uzio ukikamilika, kabla hujaleta kuku hata mmoja, ngoja giza liingie. Ingia ndani, funga mlango, mtu azunguke nje akimulika tochi chini kwa chini, taratibu. Kila unapoona mwanga unapita chini ya waya, weka jiwe.