Kosa la kufuru: lifutwe Bungeni au mahakamani?
Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda, urithi wa mkoloni, bado inampa kifungo cha hadi mwaka mmoja anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwenzake. Wahubiri wa vipaza sauti kwenye vituo vya teksi Kampala wangeshikwa kila asubuhi!

Bunge ndiyo njia nyoofu. Ireland ililazimika kupiga kura ya maoni 2018 kwa sababu kufuru ilitajwa kwenye katiba yake, yetu haitaji kufuru. Ila mbunge gani atamkabili askofu na shehe wa jimboni kwake?

Mahakama ya Katiba haiombi kura. Mimi ningeanzia huko, ingawa ni mwendo wa kobe: kesi ya mwanahabari Andrew Mwenda ya 2005 ndiyo iliyofuta kosa la uchochezi, mwaka 2010.