Mafungo ya Siku Tatu Ambako Fadhila Hufundishwa Jikoni

Nimekwisha kuhudhuria mafungo mengi ya kiroho, na mengi yaliniachia daftari lililojaa maneno mazuri ambayo sikuyarudia tena. Haya ya siku tatu, niliyoyafanya katika nyumba ya watawa wanaoishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani mwongozo wake wa maisha ya kitawa, yalinigusa kwa namna nyingine, kwa sababu fadhila hazikuhubiriwa tu, bali tulipangiwa zamu za kuzitenda.

Kila mmoja wetu, bila kujali cheo chake, alipika, akaandaa meza na kuosha vyombo. Sista aliyetuongoza alitusomea sura ya 35 ya Kanuni hiyo ya karne ya 6, isiyomwondolea mtu huduma ya jikoni isipokuwa ana ugonjwa au shughuli nzito, kisha sura ya 31, inayomtaka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Nilipokuwa nikisugua sufuria ya ugali katika ukimya, huku mwenzangu akisuuza sahani polepole kuliko nilivyopenda, niliona wazi jinsi subira yangu ilivyo haba. Jioni ile, wakati wa kuchunguza dhamiri, nilikuwa na jambo halisi la kumweleza Mungu, si ile orodha ya makosa niliyoizoea tangu Kipaimara.

Malazi ni ya kawaida na safi, na chakula kinatosha.

Upungufu ninaoulalamikia ni mmoja, nao si mdogo. Fadhila za busara, haki, nguvu na kiasi zilipewa nafasi ya kutosha, na ni kweli kwamba hizo hukomaa kwa kutendwa tena na tena. Lakini imani, matumaini na mapendo, ambazo Kanisa hufundisha kuwa ni paji la Mungu mwenyewe, zilibanwa katika mada moja ya Jumamosi usiku, tukiwa tumechoka. Bila kuelezwa namna neema inavyozitangulia na kuziinua juhudi zetu, mshiriki mpya anaweza kurudi nyumbani akidhani kwamba utakatifu ni matunda ya bidii yake peke yake. Nilimweleza sista jambo hilo, naye akalipokea kwa unyenyekevu.

Nimejiandikisha kwa mafungo yao ya Kwaresima, na nimeomba nipangwe tena jikoni.