Lebo yangu ya "Kina" ilikatwa: uzoefu wangu na grafu za 3D za Matplotlib

Nyota moja. Huenda nikaibadilisha kabla sijamaliza kuandika, lakini kwa sasa ni moja, na hiyo moja nimeitoa kwa huruma.

Ninaongelea Matplotlib, programu ya kuchora grafu kwa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), na hasa ile sehemu yake ya kuchora vitu vya pande tatu. Grafu za kawaida nimezichora nayo miaka, sina neno. Sasa nilikuwa na vipimo vya kina cha Ziwa Tanganyika, kazi ya shahada, na msimamizi wangu akataka bango linaloonyesha umbo la sakafu ya ziwa. Nikajiambia, hii ni kazi ya jioni moja. Jioni moja!

Kwanza ziwa lenyewe lilitoka kama karai. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kama 50, mtu analichora karibu la mraba! Kumbe usipoielekeza, programu inasukumia data yako yoyote ndani ya sanduku la uwiano wa 4:4:3. Nikaweka amri ya kupanga uwiano wa sanduku, set_box_aspect, ziwa likarefuka. Hapo hatukugombana.

Tuligombana kwenye lebo. Kwenye kodi zangu (za Python, watoza ushuru wa TRA wasinisogelee) niliandika plt.xlabel, amri ya kuupa mhimili wa kwanza jina, ikakubali. plt.ylabel, ikakubali. plt.zlabel, ya mhimili wa kina: AttributeError, ujumbe wa kosa. Haipo! Umekaribishwa sebuleni, umemiminiwa chai, ukiulizia sukari unaambiwa iko kwa jirani. Jirani mwenyewe anaitwa ax.set_zlabel. Nikaenda kwa jirani. Neno "Longitudo" nalo likalala juu ya namba zake, nikawa naongeza labelpad, nafasi kati ya lebo na namba, kwa kubahatisha, 10, 15, 20, kama mtu anayetia chumvi gizani. Nikizungusha mchoro kwa kipanya, mhimili wa kina unaruka kutoka kulia kwenda kushoto. Yote nilivumilia.

Nikahifadhi faili kwa bbox_inches='tight', kama ninavyofanya siku zote ili kuondoa weupe wa pembeni. Kwenye dirisha la programu "Kina (mita)" ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Kwenye faili ilikuwa imekatwa, yamebaki makalio ya herufi tu. Nakiri sikuona. Saa nane usiku nani anakagua ukingo wa kulia?

Niliona stesheneri, bango la A0 likiwa limeshatoka kwenye mashine. Kijana akaniambia, "Dada yangu, mimi naprinti ulicholeta." Ni kweli, lakini angeweza kuisema bila kuninyooshea kidevu. Hela ya kuprinti tena sikuwa nayo.

Siku ya kuwasilisha, mzee mmoja wa jopo akasimama mbele ya bango kwa muda mrefu mno. Nikamwamkia. "Marahaba. Binti, hiki kinachosimama ni nini, mita au shilingi?" Watu wakacheka. Nikasema ni mita, Profesa. Akasema, "Hayo unasema wewe. Bango linasema nini?"

Nikanyamaza, na kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Sehemu yenye kina kirefu kuliko zote katika Tanganyika ni mita 1,470. Ukilichora ziwa zima kwa uwiano wa kweli kwenye bango, likawa na urefu wa sentimita 67, kina chake hakifiki hata milimita moja na nusu. Kwa hiyo kila anayechora ziwa hili anakinyanyua kina makusudi; mimi nilikinyanyua kama mara mia, hadi mtu anaweza kudhani watu wa Kigoma wanaishi kwenye mdomo wa korongo. Kitu pekee kinachomzuia asidanganyike ni mhimili ule wenye namba na lebo yake. Na ndiyo hiyo hiyo iliyokatwa! Kukosekana kwa plt.zlabel programu inapiga kelele nyekundu skrini nzima. Inapokula lebo yako, kimya.

Basi siku chache baadaye mdogo wangu mmoja wa maabara akaniomba kodi, akaangalia kidogo, akaongeza zoom=0.85 ndani ya set_box_aspect. Mstari ule ule nilioutumia kurefusha ziwa! Mchoro ukanywea kidogo, lebo ikarudi yote. Sekunde tano. Sasa nimlaumu nani? Kitu chenyewe ni cha bure, na John Hunter aliyekianzisha, mwaka 2003 kilipotolewa, alikuwa anatafuta namna ya kuchora umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa, hakuwa na habari na sakafu ya ziwa langu. Haya, nyota tatu.

Subiri. Yule mdogo wangu alipotaka kujaribu mwenyewe kwa kutumia notsi za waliotutangulia, mstari wa kwanza tu wa kufungua mchoro wa pande tatu, fig.gca(projection='3d'), ukamgomea. Uliondolewa kwenye toleo la 3.6 la Matplotlib, na notsi za chuo kizima bado zinaufundisha. Nyota mbili, na sirudi nyuma.

Bango ninalo bado. "Kina (mita)" nimeiandika mwenyewe pembeni kwa kalamu nene nyekundu, na imenyooka kuliko ya kwao.