Wiki sita na mkono wa roboti kwenye kiti changu

Mimi niliumia uti wa mgongo shingoni, C5, yaani usawa wa pingili ya tano ya shingo, mabega yapo, kiwiko kinakunja, vidole ndo bure kabisa. Huku Toronto nilipewa mkono wa roboti niujaribu wiki sita, unafungwa ubavuni mwa kiti cha umeme na unakula betri ya kiti hichohicho. Watu wakisikia roboti wanauliza eti umewekewa chipu kwenye ubongo kama yule Nathan Copeland aliyepooza, aliyegongana ngumi na Obama kwa mkono wa roboti kule Pittsburgh 2016, jamani hapana, mimi natumia joistiki ileile ya kuendeshea kiti.

Na kasheshe iko hapo. Mkono una miendo 7: mbele nyuma, kushoto kulia, juu chini, kifundo kinageuka njia tatu, halafu vidole kufunga na kufungua, sasa joistiki yangu inajua mielekeo miwili tu, mbele-nyuma na kushoto-kulia, kwa hiyo miendo imegawanywa kwenye modi, kila modi haizidi miendo miwili, piga hesabu, ni modi 4 na kila saa unagonga swichi kwa kichwa kuhama modi. Siku ya kwanza nilitaka kuchovya hamri kwenye chai, nikalishika poa, nikalishusha, kumbe nimeshasahau niko modi gani, badala ya kuliinua nikawa nazungusha kifundo tu, likalowa likakatika likazama. Mama alicheka mpaka machozi, "lete nikulishe mwanangu", nikamwambia mama niache kwanza. La tatu ndo lilifika mdomoni, chai ishapoa.

Kunywa ni rahisi zaidi, kuna modi yake inainamisha kikombe chenyewe bila ukingo kutoka mdomoni, aliyefikiria hiyo Mungu ambariki. Ila vitu vizito sahau, mwisho kama kilo moja na nusu, na kiti kinanenepa upande mmoja, mlango wa choo nimeuchubua mara mbili. Jioni bega limechoka.

Lakini simu! Nakaa peke yangu kuanzia saa nne mpaka saa kumi, zamani ikianguka naitazama tu ikilia. Sasa naiokota, dakika tatu nne hivi, naiokota mwenyewe. Na pua ikiwasha najikuna, polepole sana maana sikutaka kujitoboa jicho.

Bei ni ya gari, sidanganyi. Fomu za kuomba wa kwangu nimeshajaza. Ukipata wa kujaribu, omba swichi ya modi iwe kichwani, yangu mwanzoni waliiweka kwenye kiwiko, nilikuwa nabadilisha modi kila nikikohoa.